Siku ya kufagia mtaa: askari, kamera, gari la kuvuta, au tuyaache magari yalipo?

Gari la kufagia linaingia mtaani taratibu, mafagio yake ya pembeni yakizunguka huku maji yakirushwa kidogo ili vumbi lisipande. Linafuata ukingo wa barabara vizuri mpaka linafika kwenye gari dogo jeupe lililobaki peke yake. Hapo dereva ananyanyua fagio, anakata kona kutoka, analipita, kisha anarudi polepole kwenye ukingo. Ukienda kutazama nyuma yake, utakuta kipande kilichorukwa ni kirefu kuliko gari lenyewe mara mbili au hata tatu, kwa sababu mashine ya ukubwa ule haikati kona ya ghafla. Majani makavu, vizibo vya chupa, mchanga na vipande vya plastiki vimebaki palepale. Na kama tundu la mtaro liko nyuma ya gurudumu, mvua ijayo itavisukuma vyote humo.

Ndiyo maana suala la kuhamisha magari siku ya usafi si dogo. Wahandisi waliopima uchafu wa barabarani kwa ajili ya serikali ya Marekani mwaka 1972 walikuta zaidi ya robo tatu yake umelala ndani ya sentimita 15 kutoka ukingoni. Katikati ya barabara matairi ya magari yanayopita yanafagia yenyewe. Kazi yote iko kwenye utepe ule mwembamba wa pembeni, yaani palepale tunapopaki.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya diwani, mjumbe wa kamati ya mtaa au mkazi anayetaka kujua aombe utaratibu gani. Kipimo changu ni kimoja: mita ngapi za ukingo zimefagiwa leo. Fedha zilizokusanywa kwa faini sizihesabu kama mafanikio, kwa sababu mji unaweza kukusanya nyingi na mitaro yake ikabaki imeziba.

Kibao cha kudumu au karatasi ya siku moja

Kabla ya kuuliza tumwadhibu vipi mwenye gari, tuulize alijuaje kwamba leo haruhusiwi kupaki pale. New York ilianza utaratibu wa kupokezana pande za barabara, yaani siku hii magari yanahama upande mmoja na siku nyingine upande wa pili, mwaka 1950, katika mitaa ya Lower East Side, na mpaka leo inategemea vibao vya chuma: herufi P iliyokatwa na picha ya ufagio, chini yake siku na saa. Chicago msimu wa kufagia huanza Aprili 1 na kuisha katikati ya Novemba, na mitaa mingi ya makazi hupata karatasi za rangi ya chungwa zinazofungwa kwenye miti na nguzo siku moja kabla.

Kibao cha kudumu kinamfaa mkazi kwa sababu kinajenga mazoea. Anajua kila Jumanne asubuhi gari linahama upande ule. Ubaya wake ni kwamba kinakataza hata siku ambayo gari la kufagia limeharibika na halikuja, na watu wakishaona mara tatu wamehama bure, wanaacha kukiheshimu. Karatasi inakataza siku ile tu ambayo kuna kazi kweli. Lakini inalowa, inachanika, inapeperuka, na aliyesafiri siku nne hawezi kuiona kabisa.

Mimi niliwahi kupigwa faini chini ya mti uliokuwa umeota majani mapya. Kibao kilikuwepo, ila matawi yalikifunika chote, ukawa huwezi kukisoma hata ukisimama hatua mbili mbele yake. Nilipiga picha, nikapinga, nikasubiri majibu wiki kadhaa. Faini ilifutwa, lakini siku ile niliamini jambo ambalo bado naliamini: mamlaka ambayo haijatembea mtaa kwa miguu na kukata matawi yanayoficha vibao vyake haina haki ya kuandika tiketi hata moja hapo.

Mtaa unaofagiwa kila wiki, weka kibao. Unaofagiwa mara moja kwa mwezi au chini ya hapo, karatasi inatosha, mradi ifungwe saa 48 kabla na si usiku wa kuamkia. Ujumbe wa simu uongezwe juu ya vyote viwili, usichukue nafasi ya chochote.

Kusubiri saa iishe, au kurudi gari la kufagia likishapita

Hapa ndipo pana tofauti kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, na ndipo ningependa kamati zikae muda mrefu.

New York, katazo linadumu kwa muda wote ulioandikwa kwenye kibao, mara nyingi saa moja na nusu. Gari la kufagia linaweza kupita dakika ya tano, na bado huruhusiwi kurudi. Matokeo yake unayaona kwa macho: watu wamekaa ndani ya magari yao, simu mkononi, injini inanguruma, wakisubiri dakika ziishe ili wasipoteze nafasi. Wengine wanapaki sambamba na magari ya upande wa pili, na ambaye gari lake limezibwa akitaka kwenda kazini hana pa kutokea.

San Francisco imechukua njia nyingine. Gari la kufagia likishamaliza upande wako, unaruhusiwa kurudi, hata kama saa ya kwenye kibao haijaisha. Askari wa maegesho hutembea pamoja na msafara wa kufagia, kwa hiyo tiketi inaandikwa kwa gari ambalo kweli limezuia ufagio.

Faida ya utaratibu wa kwanza ni urahisi wa ushahidi. Saa ni saa, hakuna mabishano kama gari limepita au halijapita, na askari anaweza kufanya kazi bila kuambatana na mtu. Utaratibu wa pili unaleta ubishi: "Nilirudi limeshapita." "Halijapita, nimekuona." Mara nyingine pia gari la kufagia hurudia upande uleule kwa sababu uchafu ulikuwa mwingi, na aliyerudi mapema anajikuta tena mbele ya fagio.

Hata hivyo, nikitumia kipimo changu cha mita za ukingo, tiketi inayoandikwa baada ya mtaa kufagiwa haifagii hata sentimita moja. Inamwadhibu mtu ambaye hakuzuia chochote. Na mtu akiadhibiwa hivyo, hawezi tena kuamini kwamba katazo lina uhusiano na usafi. Anaona ni mtego wa kutafuta hela. Ubishi wa San Francisco una dawa, tena nyepesi: gari la kufagia liwe na kifaa kinachorekodi lilipita wapi na saa ngapi, na rekodi hiyo mkazi aweze kuifungua kwenye simu yake. Ubishi wa "limepita, halijapita" unaishia hapo.

Kama mji wako hauwezi kuwa na askari wa kuambatana na msafara, basi angalau fupisha muda wa katazo. Katazo la saa tatu kwa kazi ya dakika mbili ni kuwanyang'anya watu nafasi bila sababu.

Lakini kulegeza katazo kuna kikomo chake, na janga la korona lilionyesha. Kuanzia 2020 New York ilipunguza sheria hii, mitaa mingi ikabaki na siku moja tu kwa wiki ya kuhama kwa kila upande. Mamlaka ya usafi ililalamika kwamba madereva wengi waliamua kulipa tiketi moja ya wiki na kuacha gari palepale, kama vile wanalipa kodi ya nafasi. Julai 5, 2022 utaratibu wa zamani ulirudishwa. Los Angeles nayo ilisimamisha tiketi za siku ya kufagia kuanzia Machi 2020 na kuzirudisha Oktoba 15 mwaka huohuo.

Askari au kamera

Washington DC imefunga kamera kwenye baadhi ya magari ya kufagia yenyewe. Kamera inasoma namba za gari lililosimama mbele ya fagio, inaweka saa na mahali, na faini ya dola 45 inafika kwa barua.

Kuna mambo mawili ninayoyapenda hapa. Kwanza, kamera inaliona gari lililozuia kazi tu, kwa dakika ileile lilipozuia. Haiwezi kumpiga picha aliyerudi baada ya mtaa kufagiwa. Pili, kamera haina jirani wala shemeji. Mahali ambapo askari anajuana na nusu ya mtaa, na kila mtu anajua nani huwa anasamehewa, hilo ni jambo kubwa. Askari mwenyewe pia anaepushwa na matusi, na wakati mwingine ngumi.

Ila barua inachelewa. Mtu anaweza kukosea wiki hii, wiki ijayo na ile inayofuata, ndipo barua ya kwanza ifike, na kumbe kibao kilikuwa kimegeuzwa na upepo tangu siku ya kwanza. Karatasi iliyobanwa chini ya waipa inakufundisha leo, na inawafundisha majirani wanaopita. Kamera pia husoma vibaya: herufi O inakuwa sifuri, B inakuwa 8, namba yenye matope inakuwa ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo kila picha lazima ipitiwe na macho ya binadamu kabla barua haijatoka, na gharama ya macho hayo ihesabiwe tangu mwanzo.

Tofauti kubwa zaidi ni hii. Askari akiingia mtaani dakika kumi kabla ya fagio na kupiga honi mara mbili, utaona milango ikifunguliwa na watu wakitoka mbio, kandambili miguuni, funguo mkononi. Magari manne, matano yanahama bila tiketi hata moja. Kamera haipigi honi. Inaandika kosa vizuri sana, lakini uchafu unabaki.

Kwa mji wa wastani, ningechagua askari mwenye honi. Kwa jiji lenye maelfu ya kilomita za barabara, ambalo haliwezi kuajiri askari wa kutosha, kamera inafaa, kwa masharti mawili: mwezi wa kwanza barua ziwe za onyo tu bila malipo, na namba za magari ambayo hayakukosea zifutwe siku hiyohiyo. Mji hauna sababu ya kuweka kumbukumbu ya nani alikuwa amelala wapi.

Faini au kuvuta gari

Tiketi ya siku ya kufagia ni dola 73 Los Angeles, hadi 65 New York, 60 Chicago. Kwa mwenye kipato kizuri hiyo ni kero ya asubuhi moja. Kwa anayelipwa kwa siku, ni siku nzima au zaidi. Na tusisahau nani hasa anapigwa faini hizi: mwenye gereji nyumbani kwake hapati hata moja, kwa sababu gari lake halilali mtaani. Mzigo wote unawaangukia wanaokaa kwenye vyumba vya kupanga visivyo na maegesho.

Faini isiyolipwa huzaa nyingine. Chicago, madeni ya tiketi yaliwahi kuwafikisha watu mahali pa kufungiwa leseni za udereva, wakashindwa kwenda kazini kutafuta fedha za kulipa deni lenyewe. Jimbo la Illinois lilikomesha kufungia leseni kwa deni la maegesho kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2020. Nalitaja hili kwa sababu kamati nyingi hujadili kiwango cha faini ya kwanza pekee. Ulizeni pia inakuwa kiasi gani baada ya miezi miwili, na kama mtu anaweza kulipa kidogokidogo.

Kuvuta gari ni jambo jingine kabisa. Kati ya njia zote za adhabu, ni hii tu inayouacha ukingo mtupu leo. Cambridge ya Massachusetts kwa miaka mingi iliandika tiketi na kuvuta magari siku ya usafi.  Watu wanaogopa yadi yanakopelekwa magari yaliyovutwa kuliko karatasi ya faini, na mitaa inakuwa mitupu kweli.

Lakini fanyeni hesabu ya muda. Gari la kufagia likienda kilomita 6 kwa saa, linamaliza mtaa wa mita 200 kwa dakika mbili. Kufunga gari moja na kuliondoa kunachukua, tuseme, dakika kumi. Magari matatu yaliyobaki yanataka nusu saa. Fagio haliwezi kusubiri, kwa hiyo magari ya kuvuta lazima yatangulie mapema, yawe mengi, na mwenye gari hapati nafasi ya kukimbia na funguo zake. Kisha kuna gharama ya kuvutwa, gharama ya kila siku yadini, na siku ya kazi iliyopotea kulifuata. Gari likiwa kuukuu, gharama zinapita thamani yake na mwenyewe analiacha hukohuko. Na kwa anayelala ndani ya gari lake, mmemvutia nyumba.

Mahakama nazo zinatazama. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba San Francisco haiwezi kulivuta, bila kibali cha mahakama, gari lililopaki kihalali na kwa usalama, eti kwa sababu tu lina tiketi ambazo hazijalipwa. Gari lililozuia fagio ni kesi tofauti, lakini mji unaopanga kuvuta uwe na mwanasheria mezani tangu siku ya kwanza.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda sana, nayo inatoka kwenye theluji. Montreal, kabla ya kuzoa theluji mtaani, gari la kuvuta hupita likipiga king'ora ili watu watoke. Linalobaki huvutwa, mara nyingi hadi mtaa wa jirani tu badala ya yadi ya mbali, na mwenyewe anaweza kutafuta lilipowekwa. Faini anaipata, lakini gari lake liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukingo mtupu umepatikana, na maisha ya mtu hayakuvunjika. Kwa usafi wa kabla ya msimu wa mvua, au wakati majani yanaanguka kwa wingi, huu ndio uvutaji ambao ningeupigia kura.

New York iliwahi kujaribu pia kutia watu aibu: stika kubwa ya rangi kali ilibandikwa kwenye kioo cha gari, ikisema kwamba mtaa huu haukuweza kusafishwa kwa sababu yako. Gundi yake ilikuwa haibanduki. Mwaka 2012 baraza la jiji liliipiga marufuku, na sioni sababu ya mtu mwingine kuianzisha tena. Mtu anayekwangua kioo nusu saa hawazi usafi, anawaza hasira.

Kuyaacha magari yalipo

Paris inafagia bila kumwomba kila mtu ahame. Kuna mfumo wa maji yasiyo ya kunywa unaofunguliwa kwenye ukingo wa barabara. Maji yanatiririka kwenye mfereji, chini ya ubavu wa magari, na mfagiaji anayaelekeza kwa kipande cha zulia lililoviringishwa na kufungwa kamba, huku akisukuma taka kwa ufagio hadi kwenye tundu. Ukiliona zulia lile limelala kwenye mfereji unaweza kudhani ni takataka, kumbe ni kifaa cha kazi.

Miji kadhaa ya Italia ina mfanyakazi anayetembea mbele ya gari la kufagia na bomba la maji yenye nguvu, akiusukuma uchafu kutoka chini ya magari hadi mahali ambapo fagio linaufikia. Philadelphia ilijaribu kitu cha aina hiyo mwaka 2019 kwa mashine za kupuliza upepo, kwa sababu wakazi hawakutaka kuhama. Upepo ulihamisha taka, lakini vumbi nalo likapanda hadi kwenye pua na madirisha, malalamiko yakawa mengi, na baadaye mji ukaanza kuwataka watu wahamishe magari.

Kwa hiyo maji yanafaa, upepo haufai. Na maji yanataka mabomba, wafanyakazi wengi na mitaro isiyoziba. Mji wenye uhaba wa maji usijidanganye na picha za Paris.

Mtaa upi, njia ipi

Mtaa wa makazi wenye magari mengi na nafasi chache: kibao cha kudumu, muda mfupi, askari anayetangulia na honi, ruhusa ya kurudi mara fagio likipita, na kosa la kwanza katika mwaka liwe onyo. Mtaa wa maduka ufagiwe usiku wa manane, wakati haugombewi. Mtaa ulio bondeni, ambao mtaro wake ukiziba nyumba zinaingiwa na maji, uvutaji wa mtaa wa jirani, mara chache kwa mwaka, kwa king'ora na tangazo la siku mbili. Kichochoro ambacho gari la kufagia haliingii vizuri hata kikiwa kitupu: wafagiaji wa mikono na maji, magari yabaki yalipo.

Kamati ikishachagua, msianze na mji mzima. Chukueni mitaa miwili inayofanana, mmoja kwa kila njia, kwa wiki nane. Kila baada ya fagio kupita, mtu mmoja atembee ukingoni na chaki na futi kamba, aweke alama pale usafi ulipokatika na pale ulipoanza tena, ajumlishe mita zilizorukwa, aziandike pamoja na idadi ya tiketi za siku ile. Anzeni na upande wenye matundu ya mtaro.